Maana Nne za "Give Up"

Jumamosi, 1 Machi 1997. Ibra.
Kazi nimepata! Karibu nipate. Bwana Marzouq, mwenye kambi ya watalii kule Mintirib, anataka mtu mmoja wa kupokea wageni. Anasema Wazungu hawaishi kusema "give up", gari likizama mchangani, hata wakikataa sigara. Atakayemweleza vizuri maana zake Jumatano barazani kwake, kazi yake. Miaka minane tangu nirudi huku jangwani, nchi ya mababu, kutoka Unguja, sina kazi ya maana, na mama amechoka kunitetea kwa wajomba. Tatizo moja tu. Sijui "give up" ni nini. Jirani yangu Asaad, aliyefika majuzi kutoka Bujumbura, anajua. Naye anaitaka kazi hiyo hiyo.

Jumatatu, 3 Machi
Asaad kanifundisha maana zote nne! Roho nzuri, akili hana. Kuacha, kama kuacha sigara. Kukata tamaa. Kujisalimisha kwa askari. Na kumpisha mtu mahali pako. Nitaziandika kiganjani. Naye akaniuliza, kwenye majlis, yaani baraza za huku, afanyeje? Nikamwambia anywe kahawa tu. Sikumwambia kuwa usipokitikisa kikombe, mmiminaji haachi kumimina. Wakati wa maswali atakuwa chooni. Nilicheka njia nzima.

Jumatano, 5 Machi
Laiti nisingeamka leo. Mpango ulianza vizuri. Asaad alikunywa. Cha tano, cha saba, cha tisa! Kisha mikono ikaanza kumtetemeka yenyewe, kikombe kikatikisika, mmiminaji akaenda zake. Bwana Marzouq akafurahi, akasema hajapata kuona mtu aliyeipenda kahawa yake namna ile.

Akaniuliza mimi kwanza. Wino umeshafutika kwa jasho. Nikafumba macho nikumbuke. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikukosea. Nikasikia bakora mlangoni na watu wakiinuka. Sikujali. Ya nne, nikasema kwa sauti, ni kumpisha mtu mahali pako! Kufumbua macho, mzee mmoja kaketi pahala pa Asaad, na Asaad kasimama mlangoni. Mimi peke yangu sikuinuka. Mzee ni baba yake Bwana Marzouq. Asaad hakuulizwa hata swali moja. Aliambiwa aanze Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi
Najuta. Najuta kweli. Asaad kaja na sahani ya maandazi kunishukuru. Eti bila mimi, kaka yake Nadhir, kumwambia anywe kahawa asingeipata kazi. Nilitaka kumwambia ukweli, nikammiminia chai. Mama akauliza mbona sili. Nimeona aibu mpaka machozi yakanilenga. Nimeapa, hila basi, naacha. Ile maana ya kwanza.

Asaad akiwa anavaa viatu aondoke, akaniuliza jambo dogo. Kesho kaalikwa chakula kwa Bwana Marzouq. Wakishakula, ukiletwa udi kwenye chetezo, afanyeje? Huku hata mtoto anajua kwamba chetezo kikishapita, mgeni anaaga.

Nimemwambia ajifukize, kisha akae vizuri, hapo ndiyo kwanza karamu inaanza.