Kizibo Kilichopashwa Moto

1 Julai 1968, Jumatatu

Baridi kali. Mwenyekiti Thuo ametangaza kwamba shamba tulilonunua kwa umoja, upande wa Yamumbi, litagawanywa Jumamosi kwa kura. Karatasi zimepigwa marufuku, kwa kuwa mara iliyopita mtu fulani alikunja pembe ya karatasi yake. Sasa ni vizibo vya soda. Kila kizibo kimeandikwa nambari kwa rangi, vyote vitatiwa katika mfuko mmoja, na kila mwanachama atachagua akiwa amefungwa macho. Mimi, mwalimu mstaafu na karani wa chama, nimekabidhiwa mfuko. Uamuzi wa busara.

Kipande nambari saba kinapakana na mto. Mke wangu Nyaguthii amebeba maji mgongoni tangu tuoane. Ameniambia kwamba mgongo huo umechoka, na kwamba tukipewa kipande cha juu, kule kwenye mawe, nitajitekea mwenyewe. Nimemwahidi saba. Jirani yetu Kinyanjui alisikia kupitia ukuta wa mbao, akapaza sauti: "Mwalimu, unaahidi kama mtu anayetaka kura!"  Naye anaitaka saba.

Wakati wa chai nilishika kijiko kilichosahauliwa kikombeni. Kikaniunguza. Nikafikiri. Macho yatafungwa. Vidole havitafungwa!

2 Julai, Jumanne

Jaribio la kwanza. Niliweka kizibo kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, nikakitumbukiza pamoja na vingine katika mfuko wa unga. Kikatoboa mfuko na kuangukia mguu wangu. Mfuko ulikuwa wa Nyaguthii. Unga pia. Amesema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Moto upunguzwe.

3 Julai, Jumatano

Jaribio la pili. Maji yanayochemka badala ya makaa. Nilikitoa kizibo, nikakifuta, nikakichanganya na wenzake. Hapo mlango ukagongwa. Kinyanjui, anaomba chumvi! Akasimama pale akinieleza habari za ng'ombe watakaokunywa maji ya mto wake. Ng'ombe hao hajawanunua. Mto huo hajaupata. Aliponiacha, niliingiza mkono mfukoni. Vizibo vyote vilikuwa sawa. Baridi kabisa.

Namlaumu Kinyanjui.

4 Julai, Alhamisi

Nimemwendea Bi Nelima, anayefundisha sayansi katika shule nilikostaafu. Nilisema swali ni la mjukuu wangu. Alinieleza kwa heshima kwamba joto hutoka penye joto jingi kwenda penye joto kidogo, mpaka pote pawe sawa, na kwamba kitu kidogo kama kizibo hakiwezi kubeba joto la kutosha kudumu.

Kisha akaniomba niguse meza, halafu kufuli la kabati. Kipi ni baridi zaidi? Kufuli, bila shaka. Akaleta kipimajoto. Meza na kufuli vikatoa kipimo kimoja! Akadai kwamba chuma hunyonya joto la mkono upesi kuliko ubao, ndiyo maana mkono huhisi baridi. "Mwalimu, mkono wako si kipimajoto," akasema, akicheka kidogo.

Binti mwenye adabu. Kipimajoto chake ni kibovu. Mimi najua ninachokishika.

5 Julai, Ijumaa

Dawa imepatikana. Themosi! Joto likifungiwa humo halina pa kwenda. Abdi mwenye duka amenikopesha yake. Aliuliza nani mgonjwa. Nikasema ni mimi. Akaniombea kwa dhati, kisha akaongeza: "Lakini mzee, ukivunja kile kioo cha ndani, utaugua kweli."

Nyaguthii ameniuliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia asikie sauti ya mto.

6 Julai, Jumamosi

Siku yenyewe. Upepo unakata masikio. Wanachama wote wamejifunika mablanketi.

Nyuma ya lori lililotuleta shambani nilikitoa kizibo cha saba katika themosi ya maji ya moto, nikakifuta kwa leso. Moto kabisa! Nikakitia katika mfuko, nikautikisa mbele ya watu kama ilivyo desturi. Thuo akatangaza kwamba karani, kwa utumishi wake mwema, atachagua wa kwanza. Nilikaribia kulia. Kisha akamwita mchungaji afungue kwa sala.

Mchungaji aliombea mvua. Akaombea barabara. Akaombea serikali, wizara moja moja. Nilihisi joto langu linapotea, kwa hiyo nikauingiza mfuko ndani ya koti, nikaukumbatia tumboni. Nyaguthii alinitazama. Alidhani ni uchaji.

Amina! Nikafungwa macho. Nikaingiza mkono. Baridi, baridi, baridi. Halafu, upande mmoja wa mfuko, kizibo chenye joto! Nikakinyakua, nikakiinua juu.

Thuo akasoma: kumi na tisa.

Kumi na tisa ni mawe. Mawe, upepo na mti mmoja uliokauka. Nikafunguliwa macho, nikaomba kutazama mwenyewe. Nikatazama. Kumi na tisa.

Kisha nilipapasa mfuko kwa nje. Upande uliogusa tumbo langu ulikuwa na joto wote. Nilivipasha moto vizibo majirani wa saba, na saba yenyewe ikapoa upande wa pili.

Aliyenifuata ni Kinyanjui. Alichukua kizibo cha kwanza alichogusa. Saba! Akapiga kelele kwamba kilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.  Nyaguthii alikaza kamba ya mtungi wake wa maji.

7 Julai, Jumapili

Baada ya ibada Nyaguthii amenipa mtungi, ati nianze mazoezi. Njiani Kinyanjui akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba nitaruhusiwa kupita shambani kwake nikienda mtoni, mradi nibishe hodi kwanza. Mgongo unaniuma.

Nimetafakari kwa makini na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa joto. Joto hutoroka. Lakini kizibo cha saba kilikuwa baridi, Kinyanjui mwenyewe amekiri! Baridi haina miguu. Baridi hubaki.

Septemba chama kitagawa shamba la pili, karibu na Timboroa, ambako mvua ya mawe haikosi. Kizibo kitalala katika mawe hayo ya barafu, ndani ya themosi. Nimemwahidi Nyaguthii kipande chenye chemchemi.

Nimepita kwa Abdi kuomba themosi tena. Aliuliza kama bado naumwa. Nikamjibu kwamba nimezidiwa.