Beji ya Swantje

Jumatano, 7 Mei
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikimtazama Swantje akipaka siagi kwenye mkate, moyo unayeyuka kabla ya siagi.

Jioni tulikwenda klabuni, kwenye mkahawa mmoja mtaani Altona, ambako watu wazima tunaopenda mchezo wa kuamrisha na kutii kwa ridhaa hukutana kunywa kahawa. Kila mtu huvaa beji. Mimi Mtawala. Swantje Mtiifu, amechagua mwenyewe. Holger, mwenyekiti wetu, anatafuta mwalimu wa darasa la mafundo. Swantje anaitamani sana nafasi hiyo. Mwaka wa kumi na moja huu anafunga kamba za mapazia ya jukwaani, kazini kwake kwenye ukumbi wa maigizo. Akanyoosha mkono. Holger akaniuliza mimi kama mke wangu angependa keki.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepata mpango. Niombe nafasi hiyo mimi, kisha nimkabidhi Swantje kama zawadi! Nilimpigia Holger. Akakubali kabla sijamaliza sentensi, akasema nina sauti ya mwalimu. Viatu vyangu havina hata kamba.

Jumamosi, 10 Mei
Nimefanya mazoezi ya mafundo. Swantje alirudi kutoka sokoni akanikuta nimefungika kwenye kiti cha jikoni, pamoja na birika. Alinifungua kwa kuvuta mara moja. Mikono ile! Nikakiri yote.

Akasema, “Torben, mpenzi, yaani umeomba kazi yangu, kwa ajili yangu, bila kuniuliza?”

Likisemwa hivyo, kweli halipendezi. Akaomba Jumatano tubadilishane beji. Basi.

Jumatano, 14 Mei
Maajabu. Swantje kavaa Mtawala, watu wakampisha njia. Alionyesha mafundo sita. Holger akawa anaandika. Mimi Mtiifu nilipewa sinia. Ingolf, mwanachama mwenzetu ambaye juzi tu aliniomba ushauri, akaniambia, “We kijana, maziwa yamekwisha huku.” Nikayaleta. Nikaleta na sukari.

Holger akatangaza kwamba mwalimu ni Swantje. Hapo Swantje akaivua beji yangu, akachukua yake kwangu akaivaa, akawaambia mikono hii ni ileile ya wiki iliyopita, ila wiki iliyopita iliulizwa keki, tena kupitia kwa mumewe. Uma wa Holger ukaanguka. Akaomba radhi, akamuuliza darasa lianze lini.

Nililia kidogo, juu ya sinia.

Alhamisi, 15 Mei
Swantje ananisihi nimsikilize mtu kabla ya kusoma beji kifuani kwake. Nimelishika neno hilo, moyoni kabisa. Kina Holger ndio wenye tatizo.

Jana tukiwa tunatoka aliingia mama mgeni, beji ya Mtiifu, mpole, maskini. Nikataka asijisikie mpweke. Nikamuuliza bwana aliyesimama naye kama mama atakunywa chai au kahawa. Kumbe ni dereva wa teksi, kamletea mwavuli aliousahau.

Tangu hapo Swantje ananitazama kwa namna ya pekee. Nadhani ni mapenzi.