Samaki Wangu Hawajatuama

Temeke,
20 Juni 1952.

Kwa Bwana Mkubwa wa Afya,
Dar es Salaam.

Bwana Mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote walio chini ya mkono wako, isipokuwa mmoja. Mie ni Marijani bin Jabiri, fundi bati. Nusu ya mapaa ya Temeke nimeyapiga mie na hayavuji, ila lile la madrasa, na lile lilikuwa kosa la mvua.

Huyo mmoja ni Bwana Afya wako, kijana Mwinshehe. Juzi kaingia kwangu kutafuta mbu, akakuta sanduku langu la kioo lenye samaki, akaniandikia karatasi: mpaka Ijumaa tarehe 27 niwe nimemwaga maji yote, la sivyo atakuja mwenyewe kuyatia mafuta ya kuulia mbu. Mie nimesoma madarasa mawili wakati wa Mjerumani, karatasi sisomewi. Basi namjibu kwa karatasi.

1. Imeandikwa "maji yaliyotuama". Hayo si yangu. Maji yangu yana samaki kumi na wanane, wanatembea toka alfajiri mpaka magharibi, hawakai kitako. Kama hayo yametuama, basi na barabara ya kwenda mjini imetuama.

2. Mwinshehe kawaita dagaa. Bwana Mkubwa, hawa nimewavua mwenyewe masika hii, kwenye kidimbwi cha Kipawa wanaponywea ng'ombe, kwa kanga ya mke wangu Chausiku, ambaye mpaka leo anaitaja kanga ile. Dume lina ubavu wa samawati na mkia mwekundu kama kilemba cha jogoo. Sanduku lenyewe Husseinali mwenye duka alikuwa akiwekea visheti. Nikamzibia paa, akanipa. Watu wanatoka Ubungo kwa miguu kuja kutazama. Kwa Mwinshehe sijasikia mtu kaenda kutazama kitu.

3. Yuko Mzungu mmoja kule pwani ana sanduku kama langu, samaki wake wamekuja kwa meli. Nilikuwa juu ya paa lake natengeneza mfereji, nikamwona Mwinshehe anaingia na bomba lake la mafuta. Alivua kofia, akayainamia yale maji kama anayaamkia, akatoka kinyumenyume. Kwangu kaingia na kofia kichwani, na shikamoo kaisahau nyumbani kwao, na mie ni wa kumzaa babake. Sisemi neno. Labda mbu wa kule wakifika mlangoni husoma kibao wakarudi.

4. Samaki hawa wanakula viluwiluwi vya mbu. Yaani mie naifanyia Serikali kazi na Serikali haijui. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu niliwapa jembe siku ile ile. Viluwiluwi vya humo sandukuni walivimaliza upesi. Sasa mfanyakazi akikosa kazi huharibika tabia. Kwa hiyo nikaweka mitungi minne ya maji uani, viluwiluwi vizaliwe kwa wingi, na jirani yangu Mwanaasha nikamwomba asifunike pipa lake. Mwinshehe kaimwaga mitungi yote. Nauliza, askari wa Serikali atapigana na nani, ikiwa adui wake unamwua wewe? Kweli nyumba za jirani wana homa, lakini homa walikuwa nayo toka zamani.

5. Basi naomba karatasi ifutwe. Mwinshehe ahamishiwe Madale, kule ni vilima, maji hayakai, atapumzika. Kofia yake nipewe mie, na kila nyumba ya Temeke iamriwe kuniletea mtungi mmoja wa viluwiluwi kila Jumatatu. Na uandike kwenye kitabu chako kwamba samaki wa Marijani hawawezi kufa mkononi mwa Marijani. Wa kuwaua ni Mwinshehe peke yake.

Nisalimie makarani, mpishi, mtunza bustani na mama watoto. Mwinshehe naye, akiwa karibu, msalimie kidogo.

Ndimi nikaaye barazani kungoja jibu,
Marijani bin Jabiri,
Fundi Bati.

Nyongeza, 25 Juni. Barua ilikuwa bado haijaenda. Jana ilikuwa Idd, na haipendezi wenye nyumba wale wali wa nazi na wengine wa humo humo ndani wawatazame kwa kioo. Nikawatilia sahani nzima. Asubuhi hii wote kumi na wanane wako chali, na maji meupe kama tui. Chausiku kaona. Hajamwambia mtu, ila kashajitanda kanga ya kutokea.

Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, usimhamishe Mwinshehe, ni kijana hodari. Ijumaa ni mbali. Barua hii naileta kwa mkono wangu ili umtume leo leo. Apite njia kubwa watu wamwone na bomba lake, aje ayatie mafuta mbele ya mashahidi. Mie nitapiga kelele kidogo, asinijali.