Kisiki cha Uani

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametoa hukumu. Kona ya uani ni ya yule atakayeanza kuitumia. Dada anaitaka kwa kuku wake. Mimi naitaka kwa benchi moja tu, la kukaa na kuwaza. Nina mengi ya kuwaza na nyumba hii haina pa kuyawazia! Tatizo ni kisiki. Kipana kama meza, mizizi imejitandaza kama mgeni asiyeaga. Nimekisukuma kwa mguu. Dada kacheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimekimwagia maji moto. Kisha chumvi yote ya jikoni. Mboga za jioni zilikuwa hazina ladha, Mama akauliza kama kisiki kimeshiba. Kimenawiri!
Mpango mpya: fundi mwenye mashine ya kusaga visiki. Kwenye simu aliuliza upana wa geti. Nikamhakikishia ni pana. Sijawahi kulipima.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine haikupita. Ikabidi tung'oe geti. Dada alishika upande mzito, akasema, "Mdogo wangu, vitabu vyote hivyo na geti hulioni?"
Fundi aliniagiza nisimame mbali, nifunge madirisha, nianue nguo. Nilisimama mbali. Mengine yalinitoka kichwani, kwa sababu aliiwasha.
Gurudumu la chuma, lenye meno! Lilipogusa kisiki, ardhi ilitetemeka hadi magotini mwangu. Miaka yote ya mti ule ikaruka hewani, rangi ya asali. Harufu mbichi, tamu, kana kwamba mti umekatwa leo. Nilisahau kupumua. Nimesoma mengi kuhusu wakati, lakini sikuwahi kuuona ukisagwa.
Sare ya kazi ya Mama, iliyokuwa kambani, sasa ina manyoya ya maranda.

Jumamosi, 8 Machi
Nilidhani kisiki kikisagwa kinaisha. Hakiishi, kinaongezeka! Lundo la maranda linanifika kiunoni. Jana fundi alisema niyatoe shimoni, nijaze udongo, nishindilie. Niliitikia tu, masikio bado yakivuma.
Leo nimeyasawazisha kwa miguu, nikaweka benchi, nikaketi, nikafungua kitabu. Benchi likazama. Polepole, mguu mmoja kwanza, kwa heshima. Mimi nikafuata.
Dada alinivuta kwa mkono. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alichota maranda kiganjani, akayanusa, akasema ni laini, kuku watalala kama mabibi harusi.

Jumapili, 9 Machi
Nimeamka, kuku wako konani wanaparura. Mama alitoka na kikombe chake, akatazama, akatamka kwamba kona imeanza kutumika. Nilikata rufaa. Ikatajwa sare yake. Rufaa ikafa.
Dada ameniruhusu kuketi ukingoni, mradi nisiwatishe wenyeji.
Nimeketi. Siwaoni hata hao kuku. Naisikia mashine. Ningetoa chochote niione tena, ila mashine ile haiji bure bure, inataka kisiki.
Karibu na geti kuna mti wa kivuli, kipenzi cha Mama. Mnene, mzima, una afya tele. Nimeuzunguka mchana kutwa. Jani moja lina doa.
Jioni nilimpelekea Mama jani lile, kwa masikitiko makubwa.
Ameficha chumvi.