Ugbad Mmoja Tu Garissa

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya kwanza ya ndoa. Nimeamka mapema nikamtazama mke wangu akiwa amelala, hadi akafumbua jicho moja na kuniuliza kama ana nzi usoni. Hana nzi. Ana uzuri tu.

Anaitwa Ugbad. Kamili ni Ugbad Rage Abdow: jina lake, la baba yake, la babu yake, kama ilivyo kwetu Wasomali. Nimelitamka mara kumi na nne kabla ya chai. Mara ya kumi na tano akaniambia, Guled, nimesikia.

Desturi inasema maharusi tukae ndani siku saba. Hakuna kazi. Ndugu wanaleta chakula. Siku ya saba, Ijumaa, wanawake watakuja kumfunga Ugbad shaash, kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa. Mimi ni muuza magodoro, na sijawahi kupumzika siku saba mfululizo. Nahisi akili yangu inachanua.

Jumapili, 9 Novemba

Balaa.

Kitambulisho cha Ugbad kilifuliwa pamoja na mkoba siku ya harusi na hakisomeki tena. Jumatatu ya tarehe 17, siku saba zikiisha, ataomba kingine. Leo, akimenya viazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema kwamba maadamu anaomba kipya, atabadilisha na jina. Atakuwa Leyla.

Nilikaa chini. Nikamwuliza kwa nini.

Akasema jina lake limemtesa. Mwalimu wa darasa la nne, mtu wa bara, hakuweza kulitamka, akawa anamwita Ubaya. Kila asubuhi kwenye rejista: Ubaya Rage. Naye anajibu, nipo. Darasa likaanza kusema Ubaya upo, Ubaya hayupo leo, Ubaya ana malaria. Halafu hata maana yake haijui vizuri. Mama yake, ukimwuliza, husema ni jina, ulitaka nini, jiko?

Leyla! Binamu yangu Abdimalik ameoa Leyla mwezi uliopita na bado hajaacha kujisifu. Nilipomwambia shida yangu kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, karibu kundini, walaal, ndugu yangu, kwenye ukoo tuna akina Leyla kumi na mmoja, wako atakuwa wa kumi na mbili, tutawapa namba.

Nimeapa. Kabla ya Jumatatu nitamfanya mke wangu alipende jina lake. Nina siku nane, simu, na kidato cha nne.

Jumatatu, 10 Novemba

Utafiti umeanza. Nadharia yangu: mwanamke akijua jina lake ni adimu, hataliacha. Nimeandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu mia mbili na sita, kwamba kila anayemjua mtu aitwaye Ugbad anijulishe, pamoja na mahali alipo.

Majibu hadi magharibi: Takaba, yuko mmoja, ana miaka themanini na haoni vizuri. Balambala, mmoja, lakini huyo ni mke wangu mwenyewe, alizaliwa huko. Kotile, mmoja, ni mtamba wa ng'ombe, mwenye afya nzuri.

Nimefurahi kupita kiasi. Kaskazini Mashariki yote, wawili tu wenye miguu miwili! Nikamsomea Ugbad matokeo kwa sauti ya mtangazaji. Alisikiliza vizuri mpaka Kotile.

Sikupaswa kusoma Kotile.

Abdimalik ameshaandika kwenye kundi akiuliza kama mtamba huyo naye amefunga shaash. Watu thelathini na wanane wamecheka. Mmoja wao ni imamu.

Ugbad amelala akinipa mgongo. Mgongo mzuri sana.

Jumatano, 12 Novemba

Nimebadilisha mbinu. Acha idadi, tafuta asili. Mtu wa kuulizwa ni mama mkwe, Bishara. Lakini kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaoneana haya. Hatujawahi kuzungumza ana kwa ana. Akija kuleta chakula mimi hujificha chumbani, naye husemesha ukuta. Leo aliuambia ukuta kwamba kijana anayekula hivi lazima awe na minyoo.

Kwa hiyo nimempigia eedo Rukiyo, shangazi wa Ugbad. Naye akanimwagia yote. Mwaka ule ukame ulikuwa mbaya. Baba mkwe, mzee Rage, alikuwa na mbuzi wachache waliobaki, karibu na mto, upande wa Balambala. Mvua ikanyesha usiku tano mfululizo. Bishara akajifungua alfajiri, na alipoinua mkeka wa mlango wa kibanda akaona nchi yote imeota kijani, majani mateke, machanga, yale ya kwanza kabisa. Hayo ndiyo ugbad. Mzee alitaka mtoto aitwe Fadumo kama mama yake. Bishara, ambaye hakuwa amempinga mumewe hata mara moja, akasema hapana. Huyu ni Ugbad. Ugomvi ulidumu siku tatu. Eedo akaongeza kwamba jina hilo likifutwa, Bishara hatasema neno, lakini litamuuma mpaka mwisho wa maisha yake.

Nililia kidogo. Nilimwambia Ugbad ni kitunguu.

Ningeweza kumweleza palepale. Sentensi nne zingetosha. Lakini nikafikiria: habari nzito kama hii isemwe jikoni, karibu na sufuria? Hapana. Itasemwa Ijumaa, mbele ya wanawake wote, kwa bango. Mita tatu kwa mbili.

Alhamisi, 13 Novemba

Abdimalik amepata habari za bango. Akanishauri niandike maneno kwenye karatasi na nimpelekee mchapishaji. Husuda. Mapenzi hayaandikwi kwenye karatasi kama orodha ya misumari. Nimemtumia mchapishaji ujumbe wa sauti, ili asikie hisia.

Mchapishaji ni Mutinda, mtu wa Kitui, fundi hodari. Ameishi Garissa miaka tisa na anajivunia kwamba hakuna lafudhi ya Kisomali inayompiga chenga. Tukisema bicha, anaandika picha. Tukisema bilibili, anaandika pilipili. Nikamtamkia polepole: Ugbad. Mateke. Laini. Safi. Baada ya mvua. Ya mwanamke mmoja tu Garissa.

Alijibu kwa dole gumba na kusema ameelewa biashara.

Sikujua kwa nini alisema biashara. Nadhani ni msemo wa Kitui.

Ijumaa, 14 Novemba

Bango lilifika limekunjwa na kufungwa kamba. Shughuli ya shaash ni ya wanawake tu, kwa hiyo nikamkabidhi shemeji yangu Amino alitundike ndani ya ua, nami nikakaa nje ya uzio, sikio nimelibandika kwenye mabati. Ninayoandika hapa ni niliyosikia na aliyonieleza Amino, ambaye alisimulia akiwa amekaa chini kwa sababu hakuweza kusimama.

Wanawake walikuwa wanaimba buraanbur, mashairi yao yale matamu. Bango likafunguliwa.

Mutinda alikuwa amesahihisha lafudhi yangu. Kwa herufi nyekundu kubwa kama mlango: UGPAD. LAINI. SAFI. HATA BAADA YA MVUA. KWA KILA MWANAMKE GARISSA. Kwa hiari yake akaongeza picha ya msichana anayeruka juu kwa furaha, na chini yake: ZINAPATIKANA HAPA.

Mwanamke mmoja akauliza kama pedi hizo ni za bure au ni sampuli. Mwingine akasema atamchukulia binti yake wa shule, na akapanga mstari. Leyla wa Abdimalik akapiga picha sita. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, ile ya kuusemesha ukuta, ikiuliza: huyu kijana si alituambia anauza magodoro?

Nilitaka kuondoka kwa miguu hadi Wajir.

Amino akajitahidi kueleza kwamba hilo lilikuwa jina, na kwamba nilitaka kulitukuza kwa sababu Ugbad anataka kuliacha. Hapo kicheko kikakatika. Bishara hakuwa anajua. Akamwuliza binti yake kama ni kweli. Ugbad akasema ni kweli, hooyo, wewe hukuniambia hata maana yake.

Basi mama akasimama katikati ya ua akasimulia mwenyewe. Ukame, mbuzi, mvua ya usiku tano, mkeka wa mlango. Akasema alipoona kijani kile alijua mtoto ataishi, na hakutaka jina la mtu aliyekufa, alitaka jina la kitu kinachoota. Hakumwambia kwa sababu kila akianza kusimulia, hulia kabla hajamaliza. Leo alimaliza, kisha akalia. Wanawake wakampokea kwa buraanbur, wakatunga papo hapo, Ugbad, Ugbad, hadi mabati yakatetemeka chini ya sikio langu.

Baadaye mke wangu alikuja kwenye uzio, shaash mpya kichwani, macho mekundu, akicheka na kulia kwa pamoja. Akasema kupitia tundu la msumari kwamba jina halibadilishi. Akasema pia nisichapishe kitu kingine maishani mwangu.

Mpango umefaulu kwa asilimia mia.

Jumatatu, 17 Novemba

Siku ya kitambulisho. Ugbad alipoingia chumba cha ndani kuchukuliwa alama za vidole, nilijitolea kumjazia fomu, asichoke. Jina lake, sawa. La baba, Rage, sawa. Nikafika kwa babu. Abdow. Nikasita. Mtaani kwetu peke yake wako akina Abdow watatu. Jina adimu lifungiwe nyuma na Abdow? Nikaandika Malisho. Ugbad Rage Malisho. Karani akaniuliza kama nina hakika. Nikamjulisha kwamba nimefanya utafiti.

Kufikia saa tano mzee Rage, ambaye karani alimpigia kuhakikisha, alikuwa amenipigia simu mara saba akitaka kujua Malisho ni nani, ni wa ukoo gani, na ameingiaje kati ya watoto wake na marehemu baba yake.

Nikarudi kwa karani mbio. Nimemrudisha Abdow. Ili nisimkosee mtu, nimeongeza pia baba wa Abdow, na Bishara aliyelitoa jina, na Fadumo aliyekosa. Malisho sikulitoa, ni zuri mno. Jina sasa lina mistari miwili, na karani anasema la mwisho litaandikwa kwa upande.

Hakuna mwingine kama yeye Kenya nzima. Ugbad hajasema neno tangu adhuhuri. Nadhani ni furaha.