Tisa ya Lazaro

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiandikisha mbio za boti Ziwa Singidani! Nimerudi. Waambieni.

Nikamwambia katibu, Yunisi, anipe namba tisa, ile tuliyokimbia nayo mimi na marehemu kaka yangu Lazaro. Binti kaniamkia vizuri, shikamoo mzee Mughwai, kisha akaninyima vizuri vilevile. Eti namba moja ni ya bingwa wa mwaka jana. Walioshiriki mwaka jana wanabaki na zao. Sisi tuliopotea tunaokota kwenye kibuyu. Na tisa imewekwa pembeni kwa heshima ya Lazaro, haiguswi mpaka mjane wake aridhie.

Bingwa mwenyewe Chediel! Enzi zetu angeshikishwa kamba tu. Enzi zetu ndege heroe wote wa Singidani wakisikia injini yetu walihamia ziwa la pili, Kindai, hawarudi mpaka tumelala. Tisa haikushindwa hata siku moja!

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Utemini kwa shemeji Magdalena, mjane wa Lazaro. Nimembebea jogoo, maana mkono mtupu haulambwi.

Jogoo kapokea. Namba kakataa. Eti shemeji, aliyeendesha ni Lazaro, wewe ulikuwa unachota maji na kopo. Kopo! Kwani boti iliyojaa maji inakwenda?

Boti yetu bado iko uani kwake, kuku wanatagia humo. Tisa imefifia, umebaki mkia. Nikaupapasa. Nikaisikia injini kabisa, na Lazaro anapiga kelele, mdogo wangu, shikilia! Machozi yakanitoka. Injini ile ilikuwa na moshi sana.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kuokota namba. Nimewahi kuliko wote. Kibuyu mezani, ndani vizibo vya soda vilivyoandikwa namba. Nachungulia, tisa hiyo hapo! Kumbe wananificha!

Yunisi akatoka kupokea simu. Mimi na asali yangu ya Itigi mfukoni. Nikaipaka tisa, nikairudisha chini.

Zamu yangu ikafika. Mkono ndani, kitu kinanata. Nikapaza sauti, tisa! Yunisi akakichukua kizibo, akakigeuza polepole. Kumbe niliisoma miguu juu. Sita.

Chediel akauliza kama na mkate nimekuja nao. Ukumbi mzima ulicheka. Siku nyingine nitampaka yeye, nimpeleke kwenye siafu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamejaa ufukweni. Sita yangu imepakwa kwenye boti niliyoazima, ubavu wa kulia na wa kushoto, ndiyo sheria, majaji waione popote walipo. Inaniangalia kama mkwe anayenidai mahari.

Tukaondoka. Nilimwacha Chediel atangulie ili nimsome. Wengine pia niliwaacha, niwasome wote.

Kona ya pili nikamkumbuka Lazaro alivyokuwa anaikata, hapunguzi moto. Na mimi nikaikata, sikupunguza.

Boti ikalala chali.

Maji ya Singidani yana chumvi, pua yangu shahidi. Naelea na boya langu, mara nasikia ufukweni wanapiga kelele: Tisa! Tisa! Nikageuka. Boti iko tumbo juu, sita imepinduka nayo. Tisa! Kubwa, nyeupe, inang'aa juani kama zamani!

Waliponifikisha ufukweni, shemeji Magdalena alikuwa anacheka huku anafuta macho. Akanifunika khanga yake. Akasema hapohapo, kona ya pili, ndipo Lazaro alipomalizia mbio kila mwaka, na mimi na kopo langu.

Sikubishana naye. Mjane huyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Tarehe tisa. Si bure!

Majaji wametangaza kuwa sita haikumaliza. Sawa, hiyo ni sita. Tisa hawakuitaja, kwa hiyo bado haijashindwa.

Shemeji kaniita kula. Jogoo ni yuleyule.

Jioni nimepita kwa Yunisi. Nimemkumbusha sheria yake mwenyewe: aliyeshiriki anabaki na namba yake. Sita aniwekee, asimpe mtu. Tisa nishajua inapopatikana. Kona ya pili, na moto usipunguzwe.