Jinsi ya Kulinda Pointi Nane

Jumamosi, 1 Agosti 1987
Tumepoteza. Tena! Dakika saba zimebaki, tuko mbele kwa pointi kumi na moja, nikaanza hata kupanga maneno ya kuwapongeza vijana. Pointi kumi na moja! Ajuza na mkongojo wake angezilinda. Wapinzani wetu Murrabool wakafunga goli, ambalo kwa mpira wetu huu wa umbo la yai ni pointi sita. Wakafunga jingine, sita tena. King'ora kikalia. Tumepoteza kwa moja.

Hii ni mechi ya saba msimu huu tunaongoza mpaka mwishoni kisha tunapoteza. Ray Noske, mwenyekiti wa klabu, alinifuata hadi kwenye gari. Akasema kamati ina imani na mimi, ila imani nayo ina mwisho wake. Mechi tatu zimebaki. Nishinde hata moja, la sivyo kamati itakaa ichague kocha mwingine. Mwingine nani? Nikamwona Trevor Pascoe nyuma yake, ameinama, anajifanya anafunga kamba za viatu. Trevor ni msaidizi wangu, na ndiye tarishi: yeye hukimbia uwanjani kuwapelekea wachezaji amri zangu. Anauza matrekta. Ana meno mengi kuliko anavyohitaji.

Mimi nauza misumari na chakula cha kondoo. Wiki nzima ni Nev wa dukani. Jumamosi tu ndipo naitwa Kocha, katika mji huu mzima wa Kurrabin, hata na mchungaji. Wakininyang'anya hilo sijui nitabaki na nini.

Jumanne, 4 Agosti
Nimepata! Nilikuwa napima misumari ya mzee mmoja, nikaacha mizani ikining'inia. Ukuta! Tukiwa mbele dakika za mwisho, wachezaji wote kumi na wanane warudi nyuma wazibe goli letu. Watapita wapi?

Mazoezini niliwapanga. Walipendeza sana. Trevor akauliza, kwa adabu yake ya kuuzia matrekta, tukishaupata mpira tutampigia nani huko mbele. Nikamwambia atangulie kuwa kocha ndipo aulize maswali. Vijana wakacheka. Sijui walimcheka nani.

Jumamosi, 8 Agosti
Ole wangu.

Dakika tano zimebaki, tuko mbele kwa kumi. Nikamtuma Trevor na neno moja: ukuta. Wote kumi na wanane wakarudi, wakajazana golini, na matope yale hutambui nani ni nani. Mpira ukaja, tukaupata, tukaupiga mbele. Huko mbele hakuna mtu wetu hata wa dawa. Ukarudi. Tukaupiga. Ukarudi kama paka aliyefukuzwa jikoni. Mara kumi na moja, nilihesabu. Beki wetu mkubwa, Kelvin Schulz, mkata manyoya ya kondoo mwenye mikono ya kunyanyulia ng'ombe, alimkumba mtu kwa nguvu zake zote akamvunja pua. Wa kwetu.

Tumepoteza kwa mbili. Wapinzani walitushukuru kwa mikono miwili.

Nyumbani mke wangu Noreen alinipa supu. Yeye ndiye mkuu wa kantini ya klabu. Tangu asubuhi alikuwa kwenye kibanda kile cha bati akipasha pai za nyama, vidole vimekufa ganzi. Akaniuliza, "Nev, hujachoka tu?" Nikamwambia tatizo lilikuwa utekelezaji.

Jumanne, 11 Agosti
Sikulala vizuri, lakini nimeamka na jambo. Ni jepesi mpaka naogopa kuliandika.

Mpira ukipita katikati ya zile nguzo mbili ndefu, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, moja tu. Na beki akiuvusha mwenyewe mstari wa goli lake, wapinzani wanapewa ile moja, LAKINI mpira unakuwa wetu, na sisi ndio tunaopiga kuanzisha upya. Sasa basi! Mwamuzi wa goli, na koti lake jeupe, mpaka achomoe bendera, aipunge, aandike, sekunde ishirini zimekwenda. Ukiwa mbele kwa nane una pointi saba za kutumia. Unazitoa sadaka mojamoja, unanunua dakika. Unashinda kwa moja. Na moja ni ushindi!

Nilipiga hesabu nyuma ya mfuko wa chakula cha kondoo. Mteja akaondoka nao. Si kitu, ninayo kichwani.

Alhamisi, 13 Agosti
Mazoezi. Kelvin hakupenda. Alisema baba yake alimfundisha kuwa goli la nyumbani ni kama mlango wa nyumbani, hufungui ovyo. Nikaona nimtie moyo. Nikatangaza: kila pointi ya sadaka, beki aliyeitoa atapata pai moja ya Noreen, ya bure. Kelvin akauliza kama ni pai na sosi. Nikasema na sosi. Uso wake ukafunguka.

Trevor akasema anaona hatari mahali. Husuda hiyo.

Jumamosi, 15 Agosti
Niandike kwa utaratibu.

Dakika sita zimebaki. Tunaongoza kwa nane. Nane hasa! Nikaona Mungu mwenyewe amesoma ule mfuko. Nikamtuma Trevor: anzeni sadaka.

Kelvin akaupokea mpira, akatembea nao taratibu, akavuka mstari. Bendera. Saba. Safi kabisa. Tukapiga, wakaurudisha, Kelvin akaudaka, akavuka. Sita. Wapinzani wanabaki wanatazamana. Tano. Nne. Watu kwenye magari yao kuzunguka uwanja walianza kupiga honi, nikadhani wananishangilia.

Ilipofika moja nikamwambia Trevor akimbie akawaambie imetosha. Trevor akaniuliza nina uhakika, maana aliyeagiza sadaka ni mimi, na yeye hataki kesho aambiwe aligeuza amri ya kocha. Nikamwambia mimi ndiye kocha na ndiye ninayeigeuza. Akasema basi niseme mbele ya shahidi. Tukabishana. Tulipomaliza, ilikuwa ya nane. Sare!

Nikakimbia mwenyewe. Nina miaka hamsini na mbili na goti baya. Nilimfikia Kelvin akiwa hatua moja kutoka mstarini, mpira kwapani, anatabasamu. Nikapiga kelele, "Kelvin, simama!" Akanipungia mkono. Akavuka.

Bendera. King'ora.

Tumepoteza kwa pointi moja. Wapinzani hawakufunga hata pointi moja katika robo ile ya mwisho yote. Zote tisa tumezifunga sisi.

Nilipomuuliza Kelvin kama hakuwa akihesabu, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Kocha, mimi kazi yangu ni kulinda. Kuhesabu ni kazi yako." Kisha akaenda kantini akala pai tisa. Noreen alimpa zote na sosi, na mimi hakunitazama.

Ray hakusubiri mechi ya tatu. Kamati inapiga kura Jumanne: mimi au Trevor.

Jumapili, 16 Agosti
Nilishinda kitandani nimegeukia ukutani mpaka saa nne asubuhi. Aibu haina kitanda. Nikaamka, nikaoga, nikazunguka mji mzima kuomba kura.

Wajumbe wa kamati ni tisa, mimi na Trevor tukiwamo. Trevor anao wawili na yeye mwenyewe, watatu. Mimi ninao: mwenye baa, mama yake Kelvin (mwanawe alirudi nyumbani ameshiba), mchoraji wa mistari ya uwanja, Ray kwa shingo upande, Noreen, na mimi mwenyewe. Sita kwa tatu!

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Kumbe bado napendwa.

Jumatatu, 17 Agosti
Sita kwa tatu. Naongoza. Ndipo hofu ikaniingia, kama kawaida yangu nikiwa mbele. Nikimshinda Trevor vibaya hivyo atanuna, na akinuna ataondoka na trekta lake, na uwanja tutausawazisha na nini? Tena watu watasema nimejipigia kura mwenyewe, mroho huyu.

Nikafikiri siku nzima dukani. Mtu mwenye kura sita ana moja ya kutumia. Nikimpa Trevor kura yangu, inakuwa tano kwa nne. Bado nashinda! Tena naonekana muungwana. Nacheka peke yangu hapa mezani. Noreen ameuliza kuna nini, nikamwambia ataona kesho.

Jumanne, 18 Agosti
Kura zimepigwa. Ilikuwa hivi.

Ray aliomba mikono, akaanza na wanaomtaka Trevor. Trevor akainua wake, na wale wawili wake. Nikahesabu mpaka tatu, nikavuta pumzi, nikainua wangu. Juu kabisa, na tabasamu. Trevor mwenyewe akafunga mdomo, meno yote ndani. Nikajisikia mtu mkubwa.

Noreen akanigeukia. Akanitazama kwa muda mrefu, macho yamejaa machozi. Kisha polepole akainua mkono wake karibu na wangu.

Tano kwa nne. Trevor.

Njiani Noreen alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi ya binti yetu. Akasema miaka minane Jumamosi zake zimeishia ndani ya bati lile, akinisubiri niseme yatosha, na mimi sisemi. Alikuwa ameshaahidi kunipigia kura, angenipigia kwa kuwa mimi ni mumewe, hata kama roho inamuuma. Lakini aliponiona nainua mkono wangu mwenyewe kuukabidhi ukocha, akajua hatimaye nimechoka. "Umenirudia, Nev," akasema, na akalia kabisa.

Ningemwambia nini? Kwamba ilikuwa sadaka? Nilitazama barabara. Nikasema ndiyo, nimechoka. Kisha nikalia na mimi, na yeye akadhani ni furaha.

Jumamosi, 22 Agosti
Mechi ya kwanza ya Trevor. Noreen amewaachia wengine kantini. Tulikaa ndani ya gari pembeni mwa uwanja, blanketi moja magotini, flaski ya chai. Mtu alipita akanisalimu, "Habari, Nev." Nev! Nikageuka kuona kama kuna Nev mwingine. Iliniuma mpaka kwenye meno.

Trevor hana mpango wowote. Anawaambia washambulie tu. Robo ya kwanza washambulie, ya pili washambulie. Kila goli magari yote yanapiga honi, na Noreen anapiga ya kwetu kwa nguvu, anacheka kama msichana. Nilimwambia asimalize betri.

Zikabaki dakika tano. Tuko mbele kwa pointi thelathini na moja, mara ya kwanza tangu nizaliwe kuuona uongozi kama huo hapa Kurrabin. Wakaufanyia nini? Wakaendelea kushambulia! Ovyo kabisa! Hata Kelvin yuko mbele, goli letu amelipa mgongo. Nilishindwa kukaa. Nikashuka, nikasimama kwenye uzio, nikamwita Trevor nimweleze. Hakusikia, honi zilikuwa nyingi mno.

Wameshinda kwa thelathini na saba. Mji mzima unacheza dansi. Noreen yuko jikoni anaimba.

Mimi nimekaa hapa na kalamu na machungu yangu. Pointi thelathini na moja, jamani! Thelathini za kutoa sadaka, sekunde ishirini kila moja, hizo ni dakika kumi kamili. Dakika kumi, na mechi ilikuwa na tano! Na bado tungeshinda kwa moja.